Kesi za meli Mombasa: fomu zipi, ada zipi, na muda gani

Katika masuali ninayoulizwa sana na watu wa Kilindini, Mji wa Kale mpaka Lamu, moja halikatiki: mtu anadai pesa meli, au chombo chochote cha baharini, na hajui aanzie wapi. Muuza mboga na nyama kwa meli hajalipwa. Baharia ana mishahara ya miezi mitano. Fundi ametengeneza injini, na mwenye chombo hashiki simu. Wote hao wana haki mahakamani, lakini mlango wa kesi za bahari si ule ule wa kesi ya shamba au ya ajali ya matatu, na anayegonga mlango usio wake hupoteza wakati mpaka meli ikang'oa nanga. Mimi si wakili. Nitakayoyaeleza hapa ni ya kukuwezesha kuongea na wakili ukijua anafanya nini, na kujua pesa yako inakwenda wapi.

Tuanze na mahakama yenyewe. Sheria ya Kenya iitwayo Judicature Act, Sura ya 8, kifungu cha 4, inaifanya Mahakama Kuu kuwa mahakama ya admirali, yaani mahakama ya mambo ya bahari. Mamlaka yake yanafika bahari kuu, maji ya nchi yetu ambayo ni maili 12 za baharini kutoka pwani, na pia maziwa na mito ipitikayo kwa vyombo. Kwa hiyo hata mwenye boti wa Kisumu anahusika. Lakini meli kubwa ziko kwetu, na ndiyo maana kesi nyingi za aina hii husikizwa Mombasa na hupewa nambari zao mbali na kesi nyengine za madai.

Kifungu hicho kina jambo ambalo wengi hawalijui. Kinasema mahakama yetu itaendesha kesi za admirali kwa utaratibu ule ule unaofuatwa na Mahakama Kuu ya Uingereza. Maana yake, hadi leo, miaka zaidi ya 60 baada ya uhuru, wakili wa Mombasa anayetaka kuzuia meli Kilindini hufungua sheria ya Uingereza ya mwaka 1981 kuhusu mahakama za juu, vifungu vya 20 hadi 24, kisha Sehemu ya 61 ya kanuni za kesi za madai za huko. Fomu nazo ni za huko, zile zenye herufi ADM. Mimi naona ni aibu kidogo kwa taifa lenye bandari ya umri kama wetu, na Bunge lingeweza kutuandikia kanuni zetu. Lakini sheria ndiyo hiyo, na mwenye kudai hana budi kuifuata ilivyo.

Kudai mtu na kudai chombo

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kumdai mtu au kampuni kwa jina lake, kama kesi yoyote. Ya pili ndiyo maalum ya bahari: unaidai meli yenyewe. Mawakili huiita kwa Kilatini in rem. Mdaiwa kwenye karatasi anakuwa "wenye meli fulani", na meli ikikamatwa huwa ndiyo dhamana ya deni lako. Kwa mtu wa hapa anayedai kampuni yenye ofisi ya anwani tu katika kisiwa cha mbali, njia hii ndiyo yenye manufaa. Kampuni hutaiona kamwe, ila meli iko gatini.

Si kila deni linaloruhusu njia hiyo. Kifungu cha 20 kimeorodhesha madai yanayokubalika: umiliki wa chombo, rehani, uharibifu uliofanywa na chombo au uliokipata, kifo au majeruhi, shehena iliyoharibika, mikataba ya kubeba mizigo, uokozi, kuvutwa na tagi, urubani, bidhaa zilizopelekwa melini kwa uendeshaji wake, ujenzi na matengenezo, na mishahara ya nahodha na mabaharia. Kuna moja ambalo watu wa majahazi walitie maanani: ugomvi baina ya washirika wa chombo kimoja kuhusu nani akishike, kifanye kazi gani na mapato yagawanywe vipi. Ndugu wanne wenye dau moja, na mmoja wao analiendesha peke yake bila kuonyesha hesabu, hao wana kesi ya admirali.

Mtego mkubwa uko katika kifungu cha 21. Kwa madai mengi, ili uikamate meli lazima uonyeshe kwamba yule anayewajibika kwako binafsi alikuwa mwenye meli, au mkodi aliyeishika, siku deni lilipozaliwa, na kwamba siku unapofungua kesi huyo bado ndiye mwenye meli au ndiye aliyeikodi yote pamoja na uendeshaji wake. Hapa ndipo wauzaji wetu wanapoanguka. Oda ya mafuta au chakula imetolewa na mkodi wa muda tu, au na ajenti, na wewe hukuandikiana na mwenye meli. Ukienda kuikamata, wenye meli watakwambia: deni si letu.

Kesi maarufu kuliko zote katika sheria ya Kenya ilizaliwa kwenye ugomvi wa namna hii. Mwaka 1989, Mahakama ya Rufaa ilisikiza rufaa ya wenye meli Lillian S dhidi ya kampuni ya Caltex, iliyokuwa ikidai pesa za mafuta. Maneno ya Jaji Nyarangi kwamba mamlaka ndiyo kila kitu, na mahakama isiyo nayo haina ruhusa ya kupiga hatua nyengine, hutajwa leo katika kesi za mashamba, za uchaguzi na za talaka. Wengi wanaoyataja hawajui kwamba yalitoka kwenye kesi ya mafuta ya meli.

Kwa hivyo ushauri wangu kwa wauzaji: kabla ya kupeleka bidhaa, tazama oda imeandikwa kwa jina la nani. Ajenti akiandika "kwa niaba ya wenye meli na nahodha", omba nahodha apige muhuri wa meli kwenye stakabadhi ya kupokea. Huo muhuri haukuhakikishii ushindi, lakini bila huo ni taabu.

Fomu zenyewe

Ukiidai meli, fomu ya kufungulia kesi ni ADM 1. Ukimdai mtu katika jambo la admirali bila kuigusa meli, ni ADM 1A. Ukiandika moja mahali pa nyengine umempa mpinzani wako cha kusemea. Maelezo ya madai yako, yaani nani alifanya nini lini na unadai kiasi gani, unaweza kuyaandika ndani ya fomu au kuyapeleka baadaye, lakini yasipite siku 75 tangu fomu kufikishwa kwa mdaiwa. Fomu ya kudai chombo hufikishwa kwa njia ambayo wageni huishangaa: hubandikwa juu ya chombo chenyewe, nje, mahali panapoonekana. Ikishafikishwa, upande wa meli una siku 14 kujibu kwa ADM 2 kwamba umeipata. Fomu ya kesi dhidi ya chombo ina uhai wa miezi 12, kwa hiyo unaweza kuifungua leo na kuisubiri meli irudi Mombasa safari ijayo. Wauzaji wengi hawalijui hili, wakiona meli imeondoka huchana karatasi zao.

Kukamata ni ombi la pili, mbali na kufungua kesi. Hapo kuna fomu mbili zinazokwenda pamoja: ADM 4, ambayo ni ombi pamoja na ahadi ya kulipa gharama, na ADM 5, tamko la ukweli linalounga mkono ombi. Katika tamko unaeleza aina ya madai, kwamba hayajalipwa, jina la meli na bandari iliyosajiliwa, na kiasi cha dhamana unachotaka. Kabla ya hapo hupekuliwa daftari la tahadhari, kwa sababu mwenye meli anaweza kutangulia kwa ADM 7, akiweka tahadhari dhidi ya kukamatwa na kuahidi kutoa dhamana mwenyewe. Meli ikiwa ni mali ya dola ya kigeni iliyo na mkataba wa kulindwa na jambo hilo, ubalozi wake mdogo hujulishwa kwanza kwa ADM 6. Mahakama ikiridhika hutoa hati ya kukamata, ADM 9, na afisa wa mahakama aitwaye mashali wa admirali ndiye anayeitekeleza.

Baada ya hapo mara nyingi mambo huenda haraka. Meli iliyosimama inawala wenyewe pesa kila siku, na wakili wao atakuja na dhamana: barua ya benki, barua ya klabu ya bima ya wenye meli, au pesa taslimu kuwekwa mahakamani. Mkikubaliana, meli huachiliwa kwa ADM 12 na kesi huendelea juu ya ile dhamana. Lakini sikiza hili: ikiwa wewe nawe unadai meli ambayo imekamatwa na mtu mwengine, si lazima uikamate tena. Weka tahadhari dhidi ya kuachiliwa, ADM 11, na meli haitaondoka nyuma ya mgongo wako. Ukiweka tahadhari hiyo bila sababu ya maana unaweza kulipishwa hasara, basi usifanye kwa hamaki.

Mdaiwa asipotokea kabisa, hukumu huombwa kwa ADM 13, na amri ya kuuza meli ni ADM 14. Meli mbili zikigongana kuna ADM 3, ambamo kila upande unaandika mwendo, mwelekeo, hali ya hewa na taa kabla ya kuona alichoandika mwenziwe, ndani ya miezi miwili tangu mdaiwa kujibu. Utaratibu huo naupenda: kila nahodha anatoa habari yake kabla ya kujua mwenziwe amesema nini.

Ada inayoonekana na isiyoonekana

Fomu zimetoka Uingereza, lakini ada hazikutoka huko. Nalisema kwa sababu kuna watu wanaosoma kwenye intaneti kwamba Uingereza wanatoza asilimia 5 ya madai ya kati ya pauni 10,000 na 200,000, na pauni 10,000 kamili kwa yanayozidi hapo, wakakata tamaa. Wewe unalipa ada za Mahakama za Kenya, kwa shilingi, kama zilivyopangwa na masijala ya Mahakama Kuu. Siku hizi karatasi hupelekwa kwa njia ya mtandao. Tangu Machi 2024 mfumo huo umesambazwa katika mahakama za nchi nzima. Unapakia nyaraka, mfumo unakupa ankara, unalipa kwa simu au benki, unapata risiti. Mpaka ulipe, hesabu kwamba hujafungua kesi. Yeyote atakayekuambia umpe ada mkononi nje ya lango la mahakama, mpite.

Asiye na uwezo kabisa ana njia. Agizo la 33 la Kanuni za Kesi za Madai za mwaka 2010 linamruhusu fukara kuomba kufungua kesi bila kulipa ada, baada ya mahakama kuchunguza hali yake. Katiba nayo, Ibara ya 48, inasema ada ikihitajika iwe ya kadiri na isimzuie mtu kuipata haki. Kuna pia Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016. Mabaharia walioachwa melini bila chakula wana hoja nzito ya kuzitumia njia hizi.

Gharama inayowashtua watu si ada ya kufungua. Ni ile ahadi ndani ya ADM 4. Meli iliyokamatwa haijilindi wala haijilishi. Kuna walinzi, maji, chakula cha mabaharia, mafuta ya jenereta, ada za kuegesha. Mashali anapolipa hayo, anayewajibika kumrudishia ni wewe uliyeomba, na anaweza kutaka uweke pesa mbele. Meli ikiuzwa, gharama hizo hutolewa mwanzo kabisa kabla ya deni la mtu yeyote, kwa hiyo utazipata. Lakini mpaka iuzwe, pesa imetoka mfukoni mwako. Muuzaji anayedai shilingi laki nne asikimbilie kuikamata meli ya tani elfu kumi bila kuulizia jambo hili. Afadhali kutafuta wadai wenzake wagawane gharama, au kungoja aliye mkubwa akamate, kisha yeye aweke tahadhari yake.

Lazima pia ujue foleni ya malipo ilivyo meli ikishauzwa. Gharama za mashali na za kukamata ni za kwanza. Wanaofuata kwa kawaida ni wenye haki iliyoganda kwenye chombo chenyewe: waokozi, waliodhuriwa na meli, na mabaharia kwa mishahara yao. Kisha benki yenye rehani. Wauzaji wa bidhaa, maskini, wako mwisho. Haki ya baharia humfuata chombo hata kikiuzwa kwa mwengine kwa makubaliano ya kawaida, na huo ni uzito ambao vijana wetu wanaoajiriwa melini hawaambiwi.

Na tukiwa hapo: Kenya iliridhia Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa 2006 mwaka 2014. Chini ya marekebisho yaliyoanza kutumika Januari 2017, meli zinazohusika zinatakiwa kuwa na bima inayolipa hadi miezi minne ya mishahara ya baharia aliyetelekezwa, na kutolipwa miezi miwili ni miongoni mwa dalili za kutelekezwa. Cheti cha bima hiyo hubandikwa melini. Kijana wangu, siku ya kwanza tu kipige picha kwa simu yako. Kinaweza kukulipa bila kesi.

Upande wa wakili, malipo yake yanaongozwa na amri ya ujira wa mawakili. Makubaliano kwamba hutalipa chochote ila ukishinda, ndipo achukue fungu, hayatambuliwi na Sheria ya Mawakili. Taka kila kitu kwa maandishi.

Muda

Hapa ndipo haki nyingi hufia. Shehena iliyopotea au kuharibika, hesabu mwaka mmoja tangu ilipopokewa au ilipopaswa kupokewa. Hati nyingi za upakiaji zina sharti hilo kwa maandishi madogo nyuma. Kugongana kwa vyombo na uokozi, miaka miwili. Deni la mkataba kwa kawaida ni miaka sita, na madhara ya uzembe mitatu, lakini ukimdai mwajiri mishahara hesabu mitatu. Mdaiwa akiwa ni Halmashauri ya Bandari, sheria yake, kifungu cha 66, inataka umpe notisi ya maandishi mwezi mmoja kabla, na kesi ifunguliwe ndani ya miezi 12. Mwenye konteina iliyoangushwa anayesubiri majibu ya barua mwaka mzima atapata majibu, ila hatakuwa na kesi.

Yasiyokwenda Mahakama Kuu

Deni la kawaida la mtu kwa mtu, kama samaki waliouzwa kwa mkopo kwa mfanyabiashara wa sokoni, halihitaji yote haya. Likiwa halizidi shilingi milioni moja liko Mahakama ya Madai Madogo, ambayo sheria yake ya 2016 inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60, na fomu zake mtu anaweza kujijazia. Lakini usijaribu kuficha dai la meli ndani yake. Wakili wa upande wa pili atainua suala la mamlaka asubuhi ya kwanza, na atataja Lillian S.

Mzee akifa akaacha jahazi na warithi, ugawaji wa mafungu baina ya warithi Waislamu ni wa Mahakama ya Kadhi. Kadhi atasema nani ana fungu gani. Baada ya hapo, mkigombana kama washirika juu ya uendeshaji na mapato ya jahazi, si jambo lake tena.

Lugha nayo iwe akilini. Sheria ya Kesi za Madai, kifungu cha 86, inasema lugha ya Mahakama Kuu ni Kiingereza, ingawa Katiba imekipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi. Mkataba wenu wa Kiswahili, au ule wa Kiarabu mlioandikiana na nahodha wa Muskat, utahitaji kutafsiriwa, na tafsiri ina bei yake. Shahidi anaweza kutoa ushahidi kwa Kiswahili kupitia mkalimani. Usitie saini hati ya kiapo ya Kiingereza mbele ya kamishna wa viapo kabla hujasomewa neno kwa neno kwa lugha unayoielewa. Ndani ya hati hiyo ni wewe unayeapa, si wakili.

Ukishindwa, ilani ya rufaa huwekwa ndani ya siku 14, na kumbukumbu ya rufaa ndani ya siku 60 baada ya hapo. Na siku ya kwanza kwenda kwa wakili chukua hivi: oda, stakabadhi zenye muhuri wa meli, ankara, jumbe za simu baina yako na ajenti, jina la meli pamoja na nambari yake ya IMO, ambayo ina tarakimu saba na haibadiliki hata meli ikibadilishwa jina na rangi.